Makako aliyenunuliwa kwa huruma

Kwa muda wa karibu miaka minne, familia moja ya mtaa wa Kikula, mjini Likasi, iliishi na makako ndani ya lupango wake. Sasa makako huyo hayupo. Kamba yake ingali kwenye mwembe, na mjukuu wa nyumba, msichana wa miaka 8, angali anauliza akitoka masomoni: "Nkambo, Kadogo atarudi lini?"

Nkambo wake ni mama wa miaka 50 na kitu, muuzaji wa makala ya kupikia. Avenyu nzima inajua kwamba ni mtu wa Shinkolobwe. Shinkolobwe iko kama kilomita 20 tu kutoka Likasi. Dunia inaifahamu kwa sababu ya urani iliyochimbwa pale na kutiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945. Lakini kwa familia zilizoishi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shinkolobwe ilikuwa nyumba, soko, na mashimo ya kobalti yaliyowapa chakula. Mwezi Januari 2004 serikali ilitangaza kuufunga mgodi. Mwezi Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua wachimbaji. Kijiji kikabomolewa, wakaaji wakatawanyika. Mama huyu aliingia Likasi akimshika binti yake mkono, mtoto wa kiume mgongoni, na mzigo wa sufuria kichwani.

Yule mtoto wa mgongoni leo ni kijana, msaidizi wa dereva wa lori kwenye barabara ya Kolwezi. Ni yeye aliyeleta makako.

Siku hiyo lori lilisimama kando ya barabara, mahali watu wanapouza uyoga, asali na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kijana mmoja alikuwa ameshika uzi, na kwenye ncha ya uzi alifungwa mnyama mdogo kuliko paka, mwenye uso mweusi na macho makubwa, anayelia kama mtoto mchanga. Muuzaji hakusifu bidhaa yake. Alisema tu: "Yaya, usipomchukua, leo jioni ni sufuria." Msaidizi wa dereva akatoa feza ya chakula chake cha siku mbili, akamweka mnyama ndani ya shati lake, akapanda lori. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba ameokoa roho.

Hakuna aliyemlaumu. Mnyama alikuwa tumbili, aina ya kima anayejulikana sana katika Katanga, mwenye manyoya ya kijivu ya kuelekea kijani. Watu wa Likasi hawatofautishi sana: kima, tumbili au nyani, wote ni makako. Watoto wakamwita Kadogo. Mjukuu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 4, akamfunga mgongoni kwa kipande cha kitenge na kutembea naye avenyu yote. Kadogo alikunywa maziwa kwenye kijiko na kulala ameshika nywele za msichana. Majirani walikuja kumtazama Jumapili baada ya ibada.

Jambo moja hawakulifikiri siku zile. Mtoto wa tumbili hashuki kwenye mwili wa mama yake ovyo. Tangu kuzaliwa anang'ang'ania manyoya ya tumbo lake, na mama hamwachi mtu amchukue. Ili kumpata mtoto, mwindaji anampiga mama risasi au anamnasa kwa mtego, kiisha anamtoa mtoto kwenye maiti. Nyama iliyokuwa ikining'inia mezani siku ile, hatua mbili kutoka kwa yule mtoto aliyekuwa akilia, inawezekana ilikuwa ya mama yake. Kwa sokwe mambo ni mabaya zaidi, maana wakubwa wengine wa kundi hujaribu kumtetea mtoto nao wakauawa. Mwindaji anauza nyama kwa huyu na mtoto kwa yule. Mwenye kununua mtoto kwa huruma hakumwokoa kutoka kwa biashara hiyo. Yeye ni mteja wake wa pili.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, wa pili pia. Katika mwaka wa tatu Kadogo alianza kubadilika, na familia ikadhani amerogwa au amekula kitu kibaya. Ukweli ni kwamba alikuwa anakua. Kima hana asili ya kuishi na mtu kama mbwa, ambaye babu zake wamezaliwa kati ya watu kwa maelfu ya miaka. Hata akinyweshwa maziwa kwa kijiko, akili yake inabaki ya porini. Porini anaishi katika kundi lenye wakubwa na wadogo, na kila anayekua anatafuta nafasi yake kwa kutisha, kusukuma na kuuma. Ndani ya lupango hakuna kima wengine. Kundi lake ni watu wa nyumba, na wa kwanza kupimwa nguvu ni aliye dhaifu, yaani mtoto. Akifika ukubwa, dume wa tumbili ana meno ya pembeni marefu na makali kama kisu kidogo. Sokwe dume naye anafika kilo 40 hadi 60, na nguvu zake hazilingani na za mtu.

Kadogo alivunja sahani, akamwaga unga wa bukari, akapasua magunia ya makala. Ndipo akafungwa kwenye mwembe, kamba kiunoni. Hapo shida nyingine ikaanza. Mnyama anakua lakini kamba haikui, na kamba isiyolegezwa huingia ndani ya ngozi mpaka kidonda kinaifunika. Alikula walichokula watu: bukari, mkate, wakati mwingine ndizi. Tumbili anahitaji majani, matunda, mbegu, maua na wadudu wa aina nyingi, na anahitaji kutafuta mwenyewe kutwa nzima. Kadogo alianza kunyonyoa manyoya ya mkono wake na kuyumbayumba mahali pamoja saa nzima. Watu walicheka wakisema anacheza muziki. Wanaojua wanyama wanasema hiyo ni dalili ya mnyama anayeumia kichwani kwa upweke.

Siku moja, wakati wa masika, mtoto wa jirani aliingia lupangoni kuokota embe. Kadogo akamrukia, akamuuma mkono, meno yakafika mfupani. Familia ya jirani nayo ilihamishwa na vita. Ilikimbia kutoka upande wa Mitwaba, na baba wa mtoto anaishi kwa kazi ya siku kwa siku. Kwenye kituo cha afya waliosha kidonda kwa maji na sabuni kwa muda mrefu, wakasema lazima sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu kima pia anaweza kuleta ugonjwa huo. Sindano moja haitoshi, na kila moja ina bei yake. Deni likamwangukia muuzaji wa makala. Kwa wiki tatu familia mbili zilizochota maji kwenye bomba moja hazikusalimiana, mpaka shefu wa avenyu alipowaita.

Muuguzi mmoja aliongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ugonjwa hausafiri upande mmoja tu. Mtu anaweza kumpa kima kifua kikuu, surua au mafua, na mafua yanayomlaza mtu siku mbili yanaweza kumuua sokwe mdogo. Kima naye anaweza kumpa mtu minyoo, magonjwa ya kuhara na mengine yanayopita kwa kuuma au kukwaruza. Wakaaji wa Kongo wameusikia ugonjwa wa mpox kuliko watu wa nchi nyingine yoyote: mgonjwa wa kwanza duniani aliyetambuliwa, mwaka 1970, alikuwa mtoto wa huko Basankusu, katika Équateur. Wataalamu wanashuku zaidi panya na wanyama wa jamii yao kuliko kima, lakini somo ni lilelile: mnyama wa porini asilale kitanda kimoja na mtoto.

Baada ya kisa hicho mtu mmoja mwenye gari alifika lupangoni. Alisikia habari za makako, akaja na dolari mkononi. Alisema ana rafiki upande wa mpakani anayependa wanyama. Bei aliyotaja ingelipa sindano zote na feza ya shule ya mjukuu mpaka mwisho wa mwaka.

Kijana alitaka kuuza. "Mama, tumemlisha miaka minne. Mnyama ni wetu. Deni ni letu. Tumpe huyu baba, tumalize."

"Na huyo rafiki yake wa mpakani," mama akajibu, "yeye hana watoto wa jirani?"

Kijana hakujibu. Mama akaomba siku mbili za kufikiri. Usiku hakulala. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka masomoni mara mbili kwa kukosa kulipa.

Ndipo mwalimu mmoja wa jirani akamweleza kwamba Lubumbashi, kama kilomita 120 kutoka Likasi, kuna kituo kinachopokea wanyama wa namna hiyo. Kinaitwa J.A.C.K., kwa maneno mengine "wanyama wadogo walionyang'anywa katika Katanga", na kilianzishwa mwaka 2006 na Franck Chantereau na mke wake Roxane. Kinapokea hasa sokwe watoto, ambao wengi wao wametolewa misitu ya mbali upande wa kaskazini na kupitishwa Lubumbashi kwenda kuuzwa nje, na pia kinapokea kima. Mwaka 2020 kundi la kima kutoka Kongo lilikamatwa Zimbabwe, na mwaka 2021 likarudishwa Lubumbashi. Kivu ya Kusini kuna kituo cha Lwiro, kilichoanza mwaka 2002, na karibu na Kinshasa kuna Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Vituo hivi vinaishi kwa sehemu kubwa kwa msaada wa wafadhili. Mtu aliye Ubelgiji, Ufaransa au Marekani anachagua mnyama mmoja kwa jina lake, anatuma feza kila mwezi au kila mwaka, na anapata picha na habari zake. Mnyama hawi mali yake. Hamchukui, hamgusi, na pengine hatamwona hata siku moja.

Mama aliposikia hivyo alikasirika. Alisema maneno ambayo familia nyingi zilizohamishwa zingeyasema: "Makako anapata mfadhili wa Ulaya, anakunywa maziwa, ana daktari. Sisi tulitoka Shinkolobwe na sufuria. Nani alichagua mtoto wangu kwa jina lake?"

Mwalimu hakubishana naye, kwa sababu swali ni la haki, na hakuna kituo cha wanyama kinachoweza kulijibu. Alisema jambo moja tu. "Mama, ile feza haikutolewa kwenye mkoba wa mtoto wako. Ni deni la watu walionunua. Huyu Kadogo ataishi miaka 20 au 30. Sokwe anaweza kuishi miaka 50. Aliyemnunua analipa mara moja, halafu anachoka. Mtu mwingine asiyemjua analipa miaka yote iliyobaki."

Na deni hilo ni zito kweli. Sokwe mdogo aliyepoteza mama anahitaji maziwa na mtu wa kumbeba usiku na mchana, kwa maana porini ananyonya mpaka miaka 4 au 5. Kila mnyama mpya anatengwa kwanza na wenzake na kupimwa magonjwa. Baadaye ataunganishwa na kundi polepole, ajifunze kuwa mnyama tena. Kuna waya wa uzio, dawa, mikokoteni ya matunda na majani kila siku, na mishahara ya walinzi na walezi, ambao ni watoto wa Kongo wenye familia zao. Sehemu ya feza ya mfadhili wa mbali inaishia sokoni, kwenye meza ya mama anayeuza ndizi na papai.

Mwalimu alimkumbusha pia habari iliyotangazwa kwenye redio zote. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2022, watu waliingia katika kituo cha J.A.C.K. wakaiba sokwe watoto watatu: Cesar, Hussein na Monga. Kiisha wakadai fidia, feza nyingi sana, wakitisha kuwaua wanyama hao. Walitisha hata kuteka watoto wa wenye kituo. Franck Chantereau alikataa kulipa. Alisema wazi kwamba hilo haliwezekani, maana aliyelipwa atarudi tena kesho. Watu wengine walimwona ana moyo mgumu. Lakini kila sokwe wa kituo kile angekuwa na bei kichwani, na kila kituo barani Afrika kingepata wageni wa usiku.

Hapo ndipo yule kijana, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alipokaa chini. Alikumbuka maneno ya muuzaji wa barabarani: usipomchukua, leo jioni ni sufuria. Alisema polepole kwamba na yeye alitishwa hivyohivyo, kwamba mnyama atakufa asipotoa feza. Alitoa, akaona ameokoa. Wiki iliyofuata lori lilipopita mahali palepale, yule muuzaji alikuwa na wengine wawili.

Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Tofauti ya huruma hizi mbili iko mahali feza inapoingia. Feza ya mnunuzi inaingia mfukoni mwa aliyeua mama, naye ananunua risasi nyingine. Feza ya mfadhili haimgusi muuaji. Inafika wakati mnyama ameshatoka mikononi mwa wauzaji bila bei yoyote. Kwa sababu hiyo vituo vya kweli havinunui wanyama, hata anayeletwa akiwa karibu kufa, na vinakataa kumlipa anayemleta. Inauma, lakini vingelipa, vingekuwa soko.

Mama aliuliza swali la mwisho: kwa nini wasimrudishe tu porini, akajitafutie? Jibu lilimgusa kuliko yote. Kadogo hajui kutafuta maji wakati wa kiangazi, hajui sauti ya onyo la tai wala la nyoka, na hakuna kundi linalomjua. Kundi la tumbili wa porini laweza kumpiga mgeni mpaka afe. Na kwa kuwa hamwogopi mtu, atakwenda moja kwa moja kwenye kijiji cha kwanza. Wapo wanyama waliorudishwa: mwaka 2009 Lola ya Bonobo ilianza kupeleka bonobo katika msitu wa Ekolo, huko Équateur. Lakini lilichukua miaka ya matayarisho, na ilibidi kukubaliana kwanza na wakaaji wa vijiji vya huko. Kwa wengi, mahali pa kurudi hapako tena. Mama alinyamaza muda mrefu. Kiisha akasema kwamba yeye naye watu walimwambia mara nyingi, "Si urudi kwenu?", kana kwamba nyumba inamngoja Shinkolobwe.

Yule mwenye gari aliporudi siku ya tatu, alikuta lango limefungwa. Kijana mwenyewe alikwenda kwenye ofisi ya mazingira akaeleza kila kitu. Aliogopa kufungwa, kwa maana nchi ina Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira ya asili, na kima wote, kuanzia tumbili mpaka sokwe, wako chini ya mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama wa porini. Walimsikiliza, wakaandika jina lake, na baada ya siku chache Kadogo akawekwa ndani ya sanduku lenye matundu, akapelekwa Lubumbashi. Msichana alikimbia nyuma ya gari mpaka mwisho wa avenyu.

Familia haikupata kitu. Deni la sindano bado linalipwa kidogo kidogo, gunia kwa gunia, na feza ya shule ilipatikana kwa kukopa. Hasara hiyo isifichwe, kwa sababu familia nyingine yenye mnyama kama huyu itaihesabu nayo. Lakini jirani wa Mitwaba anasalimia tena, na mtoto wake anaweza kukunja vidole vyote vitano.

Kwa wenye makako nyumbani leo, mambo machache yanafaa kushikwa. Msimwuze na msimwachilie porini. Msimfunge kamba ya kiuno isiyolegezwa. Mumtenge na watoto, na asile kwenye sahani ya watu. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kiisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwiteni mtu wa ofisi ya mazingira au wa ICCN, taasisi ya serikali inayolinda wanyama wa porini, na msidai bei. Na wenye ndugu Ulaya au Marekani wanaotumiwa video za makako waliovalishwa nguo, wawaambie wasizisambaze. Anayecheka na video hizo leo, kesho atatafuta wa kununua.

Mwezi uliopita kijana alipita tena barabara ya Kolwezi. Muuzaji alikuwa palepale, na uzi mkononi. Mnyama alikuwa mdogo kuliko Kadogo alivyokuwa, na alilia vilevile. Dereva akapunguza mwendo akimwangalia msaidizi wake, akifikiri atataka kushuka. Kijana akaangalia mbele. Lori lilipofika Likasi alikwenda ofisi ya mazingira kabla hata ya kuoga, akawaambia ni kilomita ngapi na upande gani wa barabara. Nyumbani hakula bukari jioni ile. Mama yake alimwuliza kama anaumwa.

"Hapana, Mama," akasema. "Nimemwacha."

Mama akamsogezea maji ya kunawa, wala hakumwuliza zaidi.